Mtunzi wa Nyimbo Kumi na Mbili

Kabla ya kugusa karatasi ya kale alinawa mikono mara mbili, mara ya kwanza kwa sabuni na ya pili kwa maji matupu, kisha akaikausha kwa leso aliyokuja nayo kutoka nyumbani, kwa sababu hakuziamini taulo za maktaba yetu. Nilimtazama akifanya hivyo kwa miaka kumi na sita, na miaka yote hiyo nilidhani ninautazama uadilifu. Leo nikiikumbuka mikono ile iliyokunjamana, ameiinua mbele ya kifua kama tabibu anayengoja kuvishwa glavu, kinywa changu hujaa mate, na si ya hamu.

Jina lake sitalitaja. Simsitiri; alilipenda mno jina lake, nami sioni sababu ya kumwongezea mahali pa kulisoma. Tulimwita Profesa, na inatosha. Alikuwa Mfaransa, mpiga piano, mtunzi na mwanahistoria wa muziki, aliyeajiriwa na chuo kikuu kimoja cha hapa Minneapolis, Marekani, akaishi Saint Paul, ng'ambo ya mto, katika nyumba iliyojaa vitabu hadi bafuni. Mimi ni mtu wa Tanga. Kazi yangu ni katika maktaba ya muziki ya chuo hicho: napokea vitabu na nyaraka, naziorodhesha, nazipangia rafu. Yeye aliniita Bwana Maktaba, na kwa muda mrefu nililichukulia jina hilo kuwa heshima.

Kiswahili alijifunza ujanani, Komoro na baadaye Tanga, na alikisema vizuri kuliko watoto wangu, ambao huelewa kila ninachosema na kunijibu kwa Kiingereza. Alijua kuamkia. Alijua kuuliza habari za wagonjwa kwa majina yao. Kila alipoingia alianza na nyumbani kwangu, akaja kwa mama yangu Tanga, kisha ndipo akaomba kitabu alichokijia. Watu wa namna hiyo ni wachache hapa, na mgeni huwashukuru kuliko wanavyostahili.

Msemo wake mkuu ulikuwa "chanzo kwanza, maoni baadaye". Aliusema darasani, kwenye kantini, na hata kwa fundi aliyekuja kutengeneza boila la nyumbani kwake. Nilishuhudia siku alipomfukuza kijana mmoja katika semina kwa kubuni namba ya ukurasa. Kijana alikuwa amekisoma kitabu, alikuwa ameyaelewa yaliyomo, ila namba ya ukurasa alikuwa ameikisia kwa uvivu. Profesa alilifunga lile jalada taratibu na kusema, kwa sauti ya upole iliyoumiza kuliko ukali, "Aliyeongopa ukurasa ataongopa karne." Kijana yule hakurudi. Niliporudi nyumbani nilimsimulia mke wangu kisa hicho kwa fahari, nikasema laiti nchi zetu zingekuwa na watu kumi wa aina hii.

Na ukarimu alikuwa nao, lazima niuandike, maana chuki isiyopima ni uvivu mwingine. Kwa miaka mingi aliendesha gari kila Jumamosi hadi mji mdogo wa Savage, kwenye ukumbi mmoja wa kukodi nyuma ya maghala ya karibu na mto, kuifundisha kwaya yetu ya Waafrika Mashariki bila malipo. Hakuisamehe noti moja. Tulikuwa na mama mmoja Mkenya wa sauti ya kwanza, mcheshi, aliyekuja mazoezini moja kwa moja kutoka kazini.

"Mama, umeingia kabla ya wakati," Profesa akamwambia siku moja.

"Profesa, mimi nimetoka shifti saa hii hii. Nimedraivu mbio mpaka nikaupita huo wakati, ukabaki nyuma!"

Ukumbi mzima ukacheka, isipokuwa yeye. "Rudia," akasema.

Mama yule akaniinamia sikioni. "Si huyu mzee ako na hasira! Utadhani tumepaki kwa driveway yake."

Lakini baridi ilipoanza, Profesa huyo huyo alivua koti mwilini mwake na kumvika kijana Mkongo aliyekuwa amefika nchini wiki hiyo, akarudi Saint Paul amevaa sweta. Nilikuwapo. Sijapata namna ya kuliondoa koti hilo katika hesabu yangu juu yake, na hilo nalo linaniudhi.

Kilichomla ni muziki wake mwenyewe. Alikuwa ametunga tangu ujana: vipande vya piano, nyimbo, kazi ndefu za ala za nyuzi. Hakuna aliyezipiga. Mara moja tu, tangu nimjue, ukumbi mmoja wa Saint Paul ulikubali kuweka kazi yake kwenye programu, nami nilikwenda na mke wangu. Baada ya mapumziko viti vilibaki vitupu hivi kwamba niliweza kulaza koti langu upande mmoja na la mke wangu upande wa pili. Mke wangu, mtu wa Mombasa asiyejua kunong'ona, aliuliza, "Sasa hii ndiyo imeanza, au bado wanakaza nyuzi?" Profesa, aliyekaa mstari wa mbele, alisikia. Hakugeuka. Kesho yake alikuja maktaba, akanawa mikono, akasema kwamba masikio ya watu wa mji huu yamezibwa kwa siagi, akaomba masanduku yake ya nyaraka. Tangu siku hiyo sikumsikia tena akitaja utunzi wake. Alisema amebaki mwanahistoria.

Miaka michache baadaye alilitangaza daftari. Alisema amelikuta Ufaransa, katika sanduku la shangazi yake aliyefariki katika mji mmoja wa bandari. Lilikuwa daftari la padri wa meli wa karne ya kumi na nane, aliyesafiri na watu waliotekwa na kuuzwa Kilwa wakipelekwa visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi, na ndani yake padri huyo alikuwa ameandika, kwa noti na kwa herufi za Kifaransa, nyimbo kumi na mbili alizozisikia zikiimbwa na mateka. Karatasi ilikuwa ya kale kweli. Wataalamu waliikagua wakaridhika. Profesa aliandika kitabu kinene cha Kifaransa juu yake. Nyimbo sita za mwanzo zikaimbwa katika ukumbi ule ule uliokuwa umemkimbia, na safari hii watu walisimama mpaka kwenye milango. Wanawake walilia. Mimi nililia. Profesa alisimama nyuma kabisa, ukutani, machozi yakimtiririka, nami nikafikiri kwamba anawalilia wale mateka. Kitabu chake nilikipokea kwa mikono yangu, nikakiorodhesha, nikakiweka rafuni. Sisomi Kifaransa, na sikukifungua tena.

Aliyekifungua ni Furaha. Huyu ni mwanamke wa Lubumbashi, mama wa watoto wawili, aliyesafisha vyumba katika hoteli moja ya Bloomington asubuhi na kusoma shahada ya uzamivu mchana. Profesa alikuwa msimamizi wake. Miaka sita alilisoma daftari lile, noti kwa noti, akaandika tasnifu juu yake. Na msimu huu wa machipuko, zikiwa zimebaki wiki tatu aitetee mbele ya kamati, alikuja kwenye meza yangu na karatasi moja. Profesa wakati huo alikwisha kustaafu, miguu imemgoma, anaishi katika makazi ya wazee huko Plymouth, kitongoji cha hapa mjini.

"Papa," akaniambia, kama Wakongo wanavyomwita mtu mzima, "nisaidie huu mstari moja. Wimbo wa kumi na mbili. Hii pamba iko nafanya nini huko juu ya nyumba? Siye kwetu tunaanikaka mihogo, hapana pamba."

Alikuwa ameyatoa maneno katika tahajia ya padri na kuyaandika kwa Kiswahili chetu. Nikavaa miwani, nikasoma:

*Lala, mwana, lala,
nyumba nzima imelala,
pamba juu ya paa imelala,
nawe mwana la … la.*

Ni lazima nieleze hapa ni kitu gani nilichokuwa nakisoma.

Mama yangu alikuwa fundi wa cherehani, na kazi iliyomlisha zaidi ilikuwa kupinda kanga. Kila anayevaa kanga anajua kwamba huuzwa doti nzima, vipande viwili vimeshikana, na haivaliki mpaka ikatwe katikati na ncha zake zishonwe upindo. Majirani wa mtaa mzima walimletea. Mdogo wangu wa kike alikuwa hapati usingizi pasipo mlio wa cherehani, basi mama akamtungia wimbo wa kwenda na mguu wake kwenye pedali: ubeti mmoja kwa upindo mmoja, kwa kuwa pindo za kanga zote zina urefu sawa. Upindo ukiisha aliinama na kukata uzi kwa meno. Hawezi mtu kuimba na uzi ukiwa menoni. Kwa hiyo wimbo ulisimama katikati ya neno la mwisho, "la", kimya, kisha "la", na kanga nyingine ikawekwa chini ya sindano. Sisi watoto tuliuimba hivyo hivyo, na kimya chake, bila kujua kwamba nyimbo nyingine hazikatiki.

Mwaka mmoja kabla ya kulitangaza daftari, Profesa alinialika nyumbani kwake anirekodi nikiimba nyimbo za utotoni. Nikamwimbia huo.

"Ni wa zamani?" akauliza, macho yameng'aa.

"Nimeukuta nyumbani, Profesa."

Hakuuliza nani aliutunga. Mimi nami sikusema, kwa sababu sikuwahi kufikiri kwamba mama yangu ni mtunzi. Nilimjua kuwa fundi. Huo ni upumbavu wetu wa pamoja, mimi na yeye, ila wa kwake ulikuwa umesoma zaidi. Na kuna jambo la pili, ambalo ni kosa langu peke yangu. Nilipofika mstari wa tatu, nikausahau. Niliona aibu, mtu mzima kuusahau wimbo wa mama yake mbele ya mashine inayozunguka. Nikatupa jicho dirishani. Ng'ambo ya barabara theluji ilikuwa imelifunika paa la duka la mikate. Nikaimba, "pamba juu ya paa imelala", nikaendelea kana kwamba sikukwama. Nilidanganya mstari mmoja ili nisionekane mjinga.

Na sasa mstari huo ulikuwa mbele yangu, umeandikwa na padri wa karne ya kumi na nane.

Nikamweleza Furaha yote, kuanzia kanga hadi theluji. Alisikiliza amesimama.

"Usinichezee, Papa."

"Sichezi, mwanangu."

"Basi huo moja aliutia tu. Zile zingine kumi na moja?"

"Aliyetia mmoja, karatasi na mwandiko vikiwa vile vile, zingine amezitoa wapi?"

Akakaa. Akatoa kitabu cha Profesa kwenye mkoba na kunisomea, akinitafsiria. Juu ya pamba, Profesa alikuwa ameandika tanbihi ya nusu ukurasa kuhusu desturi ya watu wa pwani ya kuanika pamba juu ya mapaa. Juu ya kile kimya cha katikati ya neno, alikuwa ameandika sura nzima. Alikiita kimya cha waliopokonywa. Alisema kwamba hapo sauti ya mateka inazama kama mwili uliotupwa baharini, kisha inaibuka. Kurasa ishirini na tisa, juu ya mama yangu akikata uzi kwa meno.

Furaha alicheka mara moja, cheko baya, kisha akafunika uso. "Miaka sita," akasema. "Asubuhi nasafishaka vyumba, mchana nasoma cahier, daftari ya uongo. Na yeye alijua. Kila juma ananiambia, Furaha, tazama vizuri hapa, Furaha, chimba zaidi. Alijua, Papa!"

Hilo ndilo lililonichafua moyo kuliko yote. Kughushi ni dhambi ya mtu na karatasi yake. Angeweza kuitenda peke yake akafa nayo. Lakini alikuwa amemwona mwanamke huyu akifika na harufu ya dawa ya kusafishia mikononi, akamkalisha, akamwagiza achimbe pale ambapo yeye mwenyewe ndiye aliyefukia. Na kabla ya kumfungulia jalada, naapa, alinawa mikono.

Nilitaka kuiandikia kamati siku hiyo hiyo. Furaha alikataa. Kamati, alisema, itamwona mlalamikaji anayetegemea kumbukumbu ya mtu wa maktaba juu ya wimbo wa kulazia mtoto, dhidi ya kitabu kilichosifiwa na karatasi iliyokaguliwa. "Wataniuliza hakikisho. Lazima aseme yeye."

Tukaenda Plymouth alasiri ya siku iliyofuata. Makazi yale yapo kati ya ofisi za makampuni, na dirisha la chumba chake linatazama maegesho ya magari. Alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, amenyolewa vizuri, skafu shingoni.

"Bwana Maktaba! Mama hajambo Tanga? Na Furaha! Kaa, mwanangu, uko tayari kutetea?"

"Prof," Furaha akasema, "wimbo wa kumi na mbili uliutoa wapi?"

"Wapi tena? Katika daftari."

"Ni wimbo wa mama yangu," nikasema.

Alinitazama kwa huruma, ile huruma ya mwalimu kwa mwanafunzi mpendwa aliyekosea. "Rafiki yangu, mama yako aliupokea. Wanawake wa pwani hawatungi nyimbo za watoto, hupokezana. Ni jambo la kujivunia kwamba nyumbani kwenu umehifadhiwa miaka zaidi ya mia mbili."

"Na pamba juu ya paa, Profesa, nayo tumeihifadhi? Mstari ule nilikuwa nimeusahau. Nilibuni palepale kwako. Ni theluji. Ni theluji ya juu ya duka la mikate, mkabala na dirisha lako."

Nilingoja aibu imjie usoni. Nilikuwa tayari, hakika ya Mungu, kumhurumia. Mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka.

"Theluji," akasema. "Nami nikaiandikia tanbihi!"

"Wiki tatu, Prof," Furaha akasema. "Natetea kisha wiki tatu."

"Tetea. Nani ataumia? Padri hana ndugu."

"Mimi."

"Wewe utapata shahada."

"Ya uongo."

"Ya muziki mzuri," akamjibu kwa ukali, na hapo tu ndipo alipochukizwa. "Walizikimbia kazi zangu, Furaha. Hizo hizo sauti, hizo hizo nyuzi! Nilipozitia midomoni mwa watu walioteseka, wakalia. Mimi nifanye nini na watu kama hao?"

Nilifungua kinywa nimwambie la kufanya. Furaha akanigusa mkono.

"Ni mzuri, Prof," akasema taratibu. "Wimbo wa nne, siku ya kwanza niliusikiliza kwa gari, nikabakia mule kwa parking mpaka vioo vikaziba na mvuke. Sikuwahi sikia kitu ya vile. Inaniuma tu jambo moja. Utakufa, na huo wimbo utabakia wa padri."

Kama alisema kwa hila au kwa dhati, sijui, na sikumuuliza mpaka leo. Profesa aligeuza kiti. Uso wake ulikuwa umefunguka kama wa mtoto aliyesifiwa mwandiko.

"Wa nne," akasema. "Ulikupendeza wapi? Pale sauti ya chini inapokawia?"

"Pale pale."

"Nilihangaika na pale majira mazima ya baridi." Akanyoosha mkono. "Kuna kalamu?"

Aliandika kwa Kifaransa, akatia sahihi ndefu yenye mkia. Furaha alinisomea kwa Kiswahili. Ilisema kwamba daftari ni kazi ya mkono wake. Kwamba padri huyo hakuwahi kuwapo. Kwamba nyimbo zote kumi na mbili, maneno na muziki, ni utunzi wake mwenyewe, na angependa sasa zijulikane kwa jina lake. Neno la radhi halikuwamo. Mateka wa Kilwa hawakutajwa, wala Furaha.

"Kumi na moja," nikasema.

Profesa aliinua nyusi. "Wa kumi na mbili niliuboresha sana, Bwana Maktaba. Bila mimi ni mama mmoja tu na mtoto wake." Mkono wake ukairudia karatasi. "Kama haikuridhishi, nipe. Tuiache kabisa."

Furaha alikuwa ameishika kwa mikono miwili. Alinitazama. Macho yake yalikuwa mekundu, nami nilijua kwamba karatasi ile, pamoja na uongo wake, ndiyo pekee inayoweza kumtoa shimoni. Mimi niliyemsifu mtu kwa kumfukuza kijana kwa namba ya ukurasa, nikateremsha macho sakafuni na kusema, "Inaridhisha, Profesa."

Kamati ilimpa Furaha mwaka mmoja aandike upya, safari hii juu ya kughushi kwenyewe. Mle ndani ataandika ukweli wote, na mama yangu atatajwa. Wakati huo huo zile nyimbo zimeimbwa tena Saint Paul, zikiwa na jina la Profesa kwenye programu, na nasikia alipelekwa kwa kiti chake, ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi. Sikwenda.

Wiki iliyopita ile karatasi ililetwa maktaba pamoja na daftari, ili vihifadhiwe. Nilijaza fomu kama nijazavyo zote. Penye nafasi ya mtunzi wa wimbo wa kumi na mbili niliiacha kalamu muda mrefu juu ya mstari. Kisha nikaandika jina la Profesa, kwa sababu ndivyo waraka unavyosema, na nilikuwapo ulipoandikwa, na nilisema unaridhisha.